Masharubu ya Cyril na Wembe wa Obadiah

Cyril Broomhead aliweza kukutajia mtengenezaji wa wembe wowote wa kukunja uliowahi kutoka Sheffield bila kuugusa. Akishakunywa bia mbili, aliweza kukutajia bila hata kuuona.

Hayo si maneno yangu, ni yake. Aliyasema kila Ijumaa jioni katika Klabu ya Wafanyakazi ya Cutgate, amesimama karibu na jiko la gesi, kidole gumba kimechomekwa kwenye kizibao chake. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amesoma mita za maji za mji huu. Alipostaafu akahamia kwenye nyembe, na kwa jinsi alivyozizungumzia ungedhani mita zilikuwa mafunzo tu.

Lakini kabla ya nyembe, masharubu.

Masharubu ya Cyril yalianza chini ya pua kama ya watu wengine, ila hayakujua pa kuishia. Yalivuka mashavu, yakapanda, yakafikia karibu na masikio, ncha zake zimepakwa nta hadi ungeweza kutundika kofia mbili. Alipoingia mahali, yalitangulia, naye akafuata baada ya muda wa heshima. Aliyafuga tangu 1974. Mkewe, Beryl, aliolewa nayo.

"Miaka thelathini na mitatu ya ndoa," Beryl aliniambia, "na sijawahi kuuona mdomo wake wa juu. Nachukulia tu kwamba upo."

Mlangoni pa klabu alikaa Lionel Twigg, na kitabu chake cha wageni. Kanuni ni moja: huna kadi ya uanachama, huingii, mpaka mwanachama akusainie. Lionel aliwahi kumweka padri nje kwenye mvua, padri aliyeitwa kuja kumwona mgonjwa, mpaka mgonjwa mwenyewe akatoka kumsainia! Cyril peke yake hakuulizwa kadi.

"Ya nini?" Lionel alisema. "Yale masharubu ndiyo kadi."

Cyril alibeba vitu viwili mfukoni: lenzi ya sonara na kalamu nyekundu. Lenzi ilikuwa ya kusomea chapa kwenye shingo ya wembe, kile kipande kifupi kati ya makali na mkia, ambapo mafundi wa Sheffield hugonga jina. Kalamu ilikuwa ya kuwasahihisha wenzake. Kila mwaka klabu ilifanya maonyesho ya visu na nyembe, na kila mwaka wapo walioandika kwenye kikaratasi, kwa unyenyekevu, "Mtengenezaji hajulikani." Cyril alipita meza kwa meza akiyafuta maneno hayo.

"Hakuna wembe yatima!" alikuwa akisema. "Kuna watazamaji vipofu!"

Basi mwezi wa pili wa mwaka 2009, Jumapili moja asubuhi, Cyril akaenda kwenye lile soko ambalo watu hufungua buti za magari wakauza vitu vya marehemu zao. Ndani ya kopo la biskuti, kati ya vifungo na nusu ya meno ya bandia, akaona wembe. Mpini mweupe. Akaufunua, akaweka lenzi jichoni, na muuzaji aliniapia baadaye kwamba masharubu yalitikisika yenyewe.

Kwenye shingo palikuwa na taji. Upande huu wa taji herufi W, upande wa pili R. Chini yake: O. THORNCLIFFE. Chini zaidi: SHEFFIELD.

Cyril alinieleza hesabu yake siku iliyofuata, na ni haki niseme kwamba nusu ya kwanza ilikuwa safi. Taji na W na R (R ni Rex, yaani mfalme kwa Kilatini) ni Mfalme William wa Nne, aliyekalia kiti miaka saba tu, 1830 hadi 1837. Neno SHEFFIELD peke yake, bila jina la nchi, ni dalili ya kabla ya 1890 au karibu na hapo, kwa sababu baadaye Wamarekani walidai bidhaa iandikwe nchi ilikotoka. Hayo ni mambo ya kweli, na kila mtu mwenye lenzi hapa mjini anayajua.

Nusu ya pili ndiyo iliyokuwa ya Cyril mwenyewe.

"Mpini ni pembe ya ndovu," alisema.

"Umeupima?"

"Nimeutazama."

"Na huyu Thorncliffe ni nani?"

Akainama, akashusha sauti. "Hayumo katika orodha yoyote ya mafundi. Hata moja! Unajua maana yake nini?"

Nikasema pengine maana yake hakuwepo.

"Alikuwa mkubwa mno kwa orodha!" akasema Cyril.

Mtu mwingine angesimama hapo. Cyril alikwenda kwenye madaftari ya kanisa, akakuta Obadiah Thorncliffe wanne waliobatizwa, akachagua mmoja aliyekufa mwaka 1836, kwa sababu tarehe ilimfaa. Wiki tatu baadaye alichapisha kijitabu cha kurasa thelathini na mbili, nakala mia mbili: *Maisha na Kazi ya Obadiah Thorncliffe, Fundi wa Nyembe wa Mfalme*. Ndani yake mlikuwa na karakana kando ya mto, mafuriko, na binti wa mpiga kengele aliyemvunja moyo. Kwenye ukurasa wa kumi na tisa Obadiah alikataa kumnyoa mfalme kwa sababu za kimaadili.

Kamati ya klabu ilimpa dakika ishirini za kuuzindua wembe huo, Ijumaa ya kwanza ya Aprili, kati ya bingo ya kwanza, ule mchezo wa kadi za namba, na bingo ya pili. Wasioijua Cutgate hawawezi kuelewa heshima hiyo. Kati ya bingo mbili watu huenda kununua pai na njegere za kuponda. Kuwakalisha ni kama kuzuia treni kwa mkono.

Cyril akapanda jukwaani na wembe juu ya mto mdogo wa mahameli. Akaanza kuwasomea kijitabu chake, mafuriko kwanza.

Kwenye meza ya mbele alikuwa Winnie Dungworth, miaka sabini na mitatu, anakula vitunguu vya siki kwa kijiti. Zamani Bi. Winnie alikuwa msichana wa kung'arisha vyuma, wale waliojifunga magazeti miguuni na leso nyekundu kichwani, wakatoka kazini weusi kama wachimba makaa na wakiimba nyimbo ambazo gazeti la mji, ninaloliandikia, haliwezi kuzichapa. Alisikiliza mpaka ukurasa wa saba. Halafu akaweka kijiti chini.

"Niletee niuone, mwanangu."

Cyril akatabasamu, tulijua hivyo kwa sababu ncha zilipanda. "Bi. Winnie, kwa heshima zote, hiki si kisu cha siagi."

"Nimeona. Lete."

Ukumbi ukacheka. Cyril akashuka, akamnyooshea ule mto wa mahameli. Bi. Winnie akauchukua wembe kama mtu anavyochukua kijiko chake mwenyewe, akasugua mpini kwa kidole gumba, haraka haraka, kama anayetaka kuwasha moto. Kisha akamsogezea Cyril puani.

"Nusa."

"Samahani?"

"Nusa, baba. Pua unayo, iko juu ya hayo manyoya."

Cyril akanusa.

"Inanuka nini?"

"Inanuka..." Akasita. "Inanuka historia."

"Lete hapa," akasema Beryl kutoka meza ya pili. Akanusa. "Inanuka kabati la shangazi Enid. Kafuri."

"Ni ile plastiki ya kizamani," akasema Bi. Winnie. "Ukiisugua inatoa kafuri. Pembe ya ndovu haitoi harufu yoyote."

Cyril akajikohoza. "Ndovu huyo," akasema, "alihifadhiwa vizuri!"

Loo! Hata wapishi walitoka jikoni kuja kuona nani kapatwa na nini. Na hapo, nadhani, Cyril angeweza kuokoka. Angesema mpini ulibadilishwa baadaye, jambo la kawaida kabisa, angemaliza mafuriko yake na kwenda kunywa bia. Lakini Bi. Winnie aliongeza neno.

"Wembe wenyewe ni mzuri lakini. Nakumbuka nilivyoung'arisha."

"Wewe?" akasema Cyril. "Wembe wa 1832?"

"Mimi."

"Basi umejitunza vizuri kuliko ndovu!"

Ukumbi ukalipenda hilo, ukapiga makofi. Makofi yakampanda kichwani. Bi. Winnie hakucheka. Aligeuza kadi yake ya bingo, akachora kitu nyuma kwa kalamu nene ya kuwekea alama, akaikunja mara mbili, akampa Lionel Twigg.

"Shika, Lionel. Usifungue. Zamani kiwandani palikuwa na msimamizi, mama mmoja mkali kama siki. Kila mkwaruzo ukionekana ni wa Winnie! Nikachoka kubeba makosa ya wenzangu. Nikawa natia alama yangu ndogo kwenye mkia wa wembe, pale ndani mpini unapofunika, pasipoonekana. Ukirudishwa, tunafungua pini, tunaona wa nani. Alama yangu nimeichora hapo. Fungueni mpini."

"Kufungua pini ya Thorncliffe!" akalia Cyril. "Ni kufuru!"

"Unaogopa?"

"Mimi? Thubutu!" Akapanda tena jukwaani, akashika kipaza sauti, na nikaona Beryl anaiweka chini glasi yake polepole. "Mabibi na mabwana! Kama ndani ya mpini huu mna alama ya Bi. Winnie, basi masharubu haya ya miaka thelathini na mitano yanyolewe hapa hapa, mbele yenu, kwa wembe huu huu!"

Mtu fulani aliacha kutafuna.

"Cyril," akasema Beryl.

"Niachie, Beryl!"

"Sawa. Nakuachia."

Lionel akaleta nyundo ndogo na msumari, vile anavyorekebishia bomba la bia. Bi. Winnie akagonga mara tatu, pini ikatoka, mpini ukafunguka kama kitabu. Akamrudishia Cyril wembe mtupu.

"Haya, weka lenzi yako. Mimi mwenyewe macho yamechoka."

Cyril akaweka lenzi. Aliangalia muda mrefu. Masikio yake, kando ya zile ncha, yakageuka rangi ya pai lililoachwa tanurini.

"Unaona nini?" akauliza Lionel.

"Kutu."

"Kutu ya umbo gani?"

"Mikwaruzo miwili," akasema Cyril kwa sauti ya mtu anayesoma mita ya jirani yake. "Na nukta."

Lionel akakunjua kadi, akaiinua juu ili wote waone. Mikwaruzo miwili. Na nukta.

Nilikuwa kwenye klabu hiyo timu ya mtaa iliposhinda kombe. Kelele zilikuwa nusu ya hizi!

"Ngojeni!" Cyril alikuwa amenyoosha mikono. "Ngojeni! Na Obadiah je? Taji je? Nani aligonga jina hili?"

"Amos Shirtcliffe aligonga," akasema Bi. Winnie. "Karakana yake ilikuwa nyuma ya kanisa la Wamethodisti. Mwaka wa hamsini na mbili walikuja watu wa ukumbi wa michezo, wanataka nyembe kumi na mbili zionekane za zamani. Mchezo wa kuigiza. Habari za kinyozi wa enzi za Mfalme William anayempa mkewe sumu. Kinyozi jina lake Obadiah Thorncliffe, wakataka jina lake liwe kwenye wembe."

"Kwa hiyo Obadiah..."

"Hakuzaliwa, mwanangu."

"Alikufa 1836!" Cyril alikuwa anapapasa kijitabu chake. "Nina tarehe!"

"Alikufa jukwaani, mara nane kwa wiki. Jumatano na Jumamosi alikufa na mchana pia."

Kitabuni mwa Cyril alikuwa amekufa mara moja tu.

Akatazama mlango. Lakini hakuna aliyewahi kutoka Cutgate bila Lionel kutaka. Akajaribu kanuni: dau halikuandikwa kwenye kumbukumbu za kamati.

"Limepita kwenye kipaza sauti," akasema Lionel. "Kilichopita kwenye kipaza sauti kimepita. Muulize aliyedai bingo ya uongo mwaka jana."

Beryl akaleta maji ya moto kutoka jikoni. Nilitegemea atamtetea, maana ni mke, lakini alikuja amebeba na taulo begani, na kwa maoni yangu alitembea kwa wepesi usio wa lazima. Kiti kikawekwa katikati ya jukwaa. Bi. Winnie akarudisha pini, akajaribu makali kwenye ukucha, akakunja uso.

"Mkanda," akasema.

"Mkanda gani?" akauliza Cyril.

"Wa kunolea. Wako ni ngozi halisi, nimeuona."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mtaalamu mkuu wa nyembe wa Sheffield alikaa mbele ya watu tisini, povu hadi machoni, mkono mmoja umeshika suruali isianguke, huku mkanda wake umefungwa kwenye mguu wa meza na Bi. Winnie anapitisha wembe juu yake, kwenda na kurudi, mara sitini. Nilihesabu. Kila mara sauti ilibadilika kidogo, ikawa nyembamba zaidi.

"Bi. Winnie," Cyril akanong'ona, "huu si ulikuwa wa maigizo tu? Utakuwa butu."

"Waliagiza butu. Amos akahangaika siku mbili nzima, akashindwa. Hakujua kutengeneza wembe butu, masikini. Siku ya kwanza mwigizaji alikata kola ya shati lake na nusu ya pazia."

Cyril akashika kola yake kwa mkono uliobaki. "Na wewe, umewahi kumnyoa mtu?"

"Marehemu Jack wangu, miaka minne, alipopooza."

"Alilalamika?"

"Alikuwa amepooza, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoona macho ya Cyril yamebadilika, na kwa dakika moja sikutaka kucheka. Yalikuwa macho ya mtu anayesindikiza kitu chake. Miaka thelathini na mitano! Alikuwa amesoma mita kwenye vyumba vya chini vya mji mzima, hakuna aliyemkumbuka jina, lakini kila nyumba ilikumbuka masharubu.

"Hatuwezi kukubaliana nusu?" akauliza, polepole, ili wa mbele tu tusikie.

"Nusu ya masharubu?" akasema Bi. Winnie. "Upande gani, baba?"

Cyril akafikiri. Alifikiri kweli! Halafu akafumba macho.

Ulikuwa unyoaji mzuri kuliko wote nilioona. Hakuna tone la damu. Bi. Winnie alianza kushoto, akavuta ngozi kwa kidole, wembe ukapita na kile kisauti cha karatasi inayochanwa mbali, na masharubu yakaanguka kwenye sahani ya pai kipande kimoja, nta na vyote. Kisha kulia. Akafuta povu kwa taulo, akarudi nyuma.

Ulikuwepo, mdomo wa juu. Mweupe, mwembamba, umeshtuka, kama kitu kilichofunuliwa chini ya jiwe. Beryl akausogelea, akauangalia kulia, akauangalia kushoto, jinsi mtu anavyokagua koti alilotumiwa kwa posta.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Kumbe ni mdomo wa mama yako."

Bingo ya pili ilichelewa dakika arobaini na moja, na hakuna aliyelalamika.

Ijumaa iliyofuata mvua ilinyesha. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, natikisa mwavuli, alipoingia bwana mmoja wa makamo, mwembamba, koti la kawaida. Akampita Lionel akiinua mkono, kama alivyozoea.

"Kadi," akasema Lionel.

Yule bwana akasimama. "Lionel. Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Cyril! Ulikuwepo wiki iliyopita! Uliona yakinyolewa!"

"Niliona kilichotoka," akasema Lionel. "Kilichobaki sikukichunguza. Kadi."

Cyril akapekua mifuko, akatoa kadi ambayo nadhani haikuwahi kuonyeshwa tangu itolewe. Lionel akaishika kwenye taa. Kwenye picha palikuwa na masharubu, mapana, yenye afya, yamejaza fremu pande zote mbili. Juu yake palikuwa na macho mawili madogo.

"Hii picha ni ya masharubu," akasema Lionel. "Nyuma yake angeweza kuwa mtu yeyote."

"Muulize mke wangu! Yuko ndani, alitangulia!"

Lionel, ambaye ni mtu wa haki, akafungua mlango wa ukumbi nusu. "Beryl! Unamfahamu huyu?"

Beryl alikuwa na kadi nne za bingo mbele yake na mtangazaji alikuwa anaita namba. Aliinua macho kwa sekunde moja.

"Sura si ngeni," akasema, akarudi kwenye namba zake.

Ikabidi awe mgeni. Na mgeni husainiwa na mwanachama. Cyril alinitazama mimi, lakini mimi si mwanachama, kila wiki husainiwa vilevile. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, maji yanamtiririka kwenye ule mdomo usiozoea mvua, mpaka Bi. Winnie alipofika na kofia yake ya plastiki.

"Kuna nini?"

"Hana utambulisho," akasema Lionel.

"Masikini. Nitamsainia mimi."

Lionel akageuza kitabu. Kina safu tatu: mgeni ni nani, ametoka wapi, ameletwa na nani. Bi. Winnie hakuwa na haraka. Alinyoosha mkono mfukoni mwa koti la Cyril, akatoa ile lenzi, akaiweka jichoni. Akamkagua usoni. Akamgeuza kichwa, akaangalia nyuma ya sikio moja, kisha la pili. Akamwinua kidevu, akatazama chini yake.

"Hamna chapa," akasema.

Halafu akatoa na ile kalamu nyekundu, akaandika kwa mwandiko wa shule ya zamani, herufi moja moja, na mimi nilisoma juu ya bega lake:

*Mwanaume. Yapata 1948. Sheffield. Mtengenezaji hajulikani.*

Cyril akasoma. Akasoma tena. Mkono wake ukaruka wenyewe kuichukua kalamu ayafute, kama alivyoyafuta miaka yote, meza kwa meza.

Lionel akafunga kitabu.

"Wageni," akasema, "hawaandiki humu."